Osha Gluteni, Soma Ukoo wa Ngano: Mwongozo wa Jikoni kutoka Njoro

"Mwalimu, unga wa safari hii umekufa."

Aliyeniambia hivyo ni mama mmoja anayepika chapati karibu na stendi ya Njoro, Kenya, na hakuishia kusema. Alikata donge, akalivuta kwa mikono miwili, likakatika kama udongo. Pakiti ilikuwa ya bei ya siku zote, maji yalitoka mtungi uleule, na mikono ni ileile iliyokanda chapati miaka nenda miaka rudi. Siku hiyo nilibeba kiasi cha unga wake, nikanunua na pakiti ya unga mwingine, nikaenda kuuosha nyumbani.

Unga wa ngano huoshwa. Kinachobaki mkononi baada ya kuosha ni gluteni, na hiyo ndiyo huamua kama chapati itavutika au itakatika. Kwa mmea wenyewe gluteni ni akiba tu: protini iliyowekwa ndani ya punje ili mche upate chakula siku za kwanza za kuota. Jeni zinazoitengeneza, yaani maagizo ya urithi ndani ya mmea, zimepitia mambo mengi, na sehemu kubwa ya safari yao unaweza kuishika kwa vidole ukiwa na beseni, kitambaa na unga wa duka la jirani. Nimefanya kazi hii na wanafunzi wa kidato cha tatu, na wapishi, na mkulima mmoja wa Mau Narok. Nimeona kwamba mtu akianza na donge mkononi, neno jeni halimtishi tena.

Tafuta unga mweupe wa ngano wa aina mbili, na unga wa mahindi, wa mtama na wa wimbi, nusu kilo ya kila aina. Upate pia beseni, kitambaa chepesi cha pamba, chumvi, rula, na mizani ndogo ya jikoni. Ya spiriti tutayasema tukifika huko.

Hatua ya 1: Kanda, kisha uache donge litulie

Pima gramu 100 za unga wa ngano. Koroga kijiko kimoja cha chai cha chumvi katika robo lita ya maji, uchote vijiko vinne vya mezani vya maji hayo, uukandie unga wako. Kanda dakika saba hivi, mpaka donge liwe laini na liache kushika mkono. Usitie mafuta, sukari wala hamira. Mafuta ndiyo mabaya zaidi kwa kazi hii, maana huzizuia protini zisikamatane.

Likiwa tayari, lizamishe katika bakuli la maji baridi, uliache nusu saa. Watoto hupenda kuruka hatua hii kwa haraka ya kuosha, na wakiiruka donge huwavunjikia. Nusu saa hiyo ndiyo protini hunywa maji na kuanza kushikana.

Hatua ya 2: Osha

Tandaza kitambaa juu ya beseni. Andaa lita mbili za maji baridi yenye vijiko vinane vya chai vya chumvi. Shika donge kwa mkono mmoja, mwagia maji kidogo kidogo kwa mkono wa pili, huku ukilibana na kuliachia polepole. Usilisugue wala usilipasue. Maji yatatoka meupe kama maziwa. Weupe huo ni wanga. Vipande vikidondoka kwenye kitambaa, viokote uvibandike tena kwenye donge.

Baada ya dakika tano hivi donge litakutia wasiwasi. Litalegea, litakuwa na mikunjo, litaonekana kama linayeyuka lote, na hapo ndipo wengi hukata tamaa na kumwaga. Endelea. Dakika mbili tatu mbele utahisi mabadiliko kwenye kiganja: ule ulaini wa uji unaondoka, na mahali pake panakuja nyuzinyuzi zinazokataa kuachana. Rangi nayo inageuka kutoka nyeupe kuwa ya kijivu iliyokaribia manjano. Maji yakitoka karibu angavu kama ya mfereji, yaani huoni tena umaziwa, umemaliza. Kwa kawaida huchukua dakika kumi hadi kumi na tano.

Mara ya kwanza mimi niliharibu. Nilitumia maji ya mvua ya tangi bila chumvi, tena nilikuwa nimeyapasha moto kwa sababu asubuhi za Njoro ni za baridi. Gluteni ikawa telezi, ikapita kwenye kitambaa, nikabaki na kipande kidogo kama kidole gumba. Maji yasiyo na chumvi yoyote huzilegeza protini hizi. Baridi vumilia, na chumvi usisahau.

Maji meupe usiyamwage. Yaache usiku kucha. Wanga utatuama chini, umwage maji ya juu, uanike. Ni stachi safi ya mashati ya shule.

Kazi hii ina umri. Jacopo Beccari aliieleza kwa wenzake mjini Bologna, Italia, mwaka 1728, na maelezo yake yakachapishwa mwaka 1745. Alishangaa kwamba ndani ya mmea kuna kitu kinachofanana na vitu vya mnyama.

Hatua ya 3: Pima, kisha vuta

Kamua maji, pima uzito. Gramu 100 za unga wa chapati au wa mkate mara nyingi hutoa kati ya gramu 25 na 35 za gluteni mbichi, na theluthi mbili hivi za uzito huo ni maji. Andika namba yako.

Sasa kata kipande cha gramu 5, kiviringe kwa vidole, ukivute juu ya rula polepole mpaka kikatike. Andika kilikatikia sentimita ngapi. Rudia mara tatu kwa kila unga.

Kwangu siku ile unga wa mama wa chapati ulitoa gramu 27, na ule mwingine gramu 28. Karibu sawa. Lakini kipande cha unga wake kilikatika kabla ya sentimita 7, na cha pili kilipita 20. Nilirudia kwa sababu sikuamini. Basi tatizo la unga wake halikuwa uchache wa protini. Lilikuwa aina ya protini.

Gluteni ni makundi mawili. Gliadini ni protini zinazojitegemea moja moja, laini, na ndizo hufanya donge litandike bila kupasuka. Glutenini hushikana kichwa kwa mkia, zikawa minyororo mirefu sana, na ndizo hufanya donge lirudi ukiliachia. Chapati inazitaka zote. Gliadini zikizidi, donge linatambaa kama uji mzito; glutenini zikiwa na nguvu kupita kiasi, unasukuma chapati nayo inajikunja kurudi katikati. Zikiwa dhaifu, ndiyo hayo ya stendi.

Hatua ya 4: Fanya vivyo hivyo kwa nafaka za sokoni

Kanda mahindi, mtama na wimbi, kila mmoja peke yake, kwa vipimo vilevile, uongeze maji kidogo unga ukikataa kushikana. Zamisha, osha. Hapa utakuwa mwepesi, kwa sababu hakuna kitakachobaki. Donge linafumuka, chembe zinapita au zinalala juu ya kitambaa kama mchanga. Ukimpata mkulima wa Molo mwenye shayiri, saga ujaribu pia. Shayiri ni ndugu wa karibu wa ngano, na bado haitakupa donge la gluteni.

Usiandike kwenye daftari kwamba mahindi na mtama "hazina protini kama ya ngano". Zinazo. Nyasi zote zinazotupa nafaka huweka akiba, na nyingi huiweka kwa protini za ukoo mmoja unaoitwa prolamini. Jina hilo linatokana na asidi amino mbili zilizojaa humo, prolini na glutamini; asidi amino ni vipande vidogo vinavyojenga protini. Kwenye ngano prolamini ni gliadini na glutenini, kwenye shayiri ni hordeini, kwenye nafaka ya rai ni sekalini, kwenye mahindi ni zeini, na kwenye mtama ni kafirini. Mchele na oti zilishika njia nyingine: akiba yao kubwa ni globulini, na prolamini zimebaki kidogo tu.

Upande wa ngano na upande wa mahindi na mtama uliachana miaka milioni 50 hivi iliyopita. Tangu hapo kila upande umefanya yake. Mahindi na mtama hufungasha prolamini zao katika vifuko vidogo vigumu vya mviringo, kila kimoja kivyake, ndiyo maana hazishikani ukikanda. Katika ngano vifuko hivyo huungana punje inapokomaa, protini ikawa utando mmoja unaouzunguka wanga. Maji yakiingia, utando uko tayari kuvutwa.

Kwa wenzetu wa Kisumu, Siaya na Busia kuna jambo la kula hapa. Kafirini za mtama hufungana zaidi zikipikwa, na tumbo hupata kazi kuzivunja. Kuchachusha uji wa mtama, au kuotesha punje kidogo kabla ya kusaga, hulegeza vifungo hivyo. Bibi zetu waliochachusha uji walikuwa wanafanya kazi ya maana sana, nami hunikera kusikia watu wakiita uji ule chakula cha shida. Kuna na hili: prolamini zote ni maskini wa asidi amino iitwayo lisini. Maharagwe yanayo kwa wingi. Githeri ya Nakuru na nyoyo ya Kisumu zimekuwa zikiziba pengo hilo kabla lisini haijapewa jina.

Hatua ya 5: Spiriti

Mwaka 1907 Thomas Osborne wa Connecticut, Marekani, alichapisha utafiti wake wa protini za ngano. Njia yake ya kuzipanga inaeleweka na yeyote anayepika: zinazoyeyuka katika maji ni albumini, katika maji ya chumvi ni globulini, katika pombe ni prolamini, na zilizobaki, zinazohitaji asidi au alkali, ni glutelini. Tutaijaribu ile ya pombe.

Nunua spiriti kwenye duka la dawa, iliyoandikwa asilimia 70. Kwanza kabisa mimina kijiko kimoja kwenye glasi, uongeze vijiko vitatu vya maji. Ikigeuka nyeupe, ina mafuta ndani yake na haitufai. Tafuta nyingine inayobaki angavu. Jaribio hili dogo ndilo litakalokuhakikishia matokeo, usilipuuze. Fanyia kazi yote mbali na jiko, dirisha likiwa wazi, na chochote kilichoguswa na spiriti kisiliwe.

Katakata gramu 5 za gluteni mbichi vipande vidogo kama punje za mchele, vitie kwenye chupa yenye mfuniko, mimina vijiko vitano vya spiriti, tikisa. Chupa ya pili weka kijiko kimoja cha unga wa mahindi na spiriti kiasi hichohicho. Tikisa kila ukikumbuka, uache usiku kucha.

Asubuhi chota maji angavu ya juu tu, weka kwenye glasi safi, uongeze maji baridi yenye chumvi mara tatu ya kiasi chake. Glasi ya gluteni itageuka nyeupe mbele ya macho yako. Hiyo ni gliadini. Spiriti ilikuwa imeiyeyusha, na spiriti ilipopungua nguvu ikajitokeza. Ya mahindi pia itaingia ukungu, kwa sababu zeini hufanya vivyo hivyo. Nafaka mbili zilizoachana miaka milioni 50, na bado zinaitika kwa jaribio moja. Wanafunzi wangu hunyamaza kwenye hatua hii kuliko nyingine zote, nami huwaacha wanyamaze.

Hatua ya 6: Maharagwe, mahindi na ndengu juu ya meza

Sasa swali: jeni ya protini ndogo ya kawaida iligeukaje kuwa jeni ya mnyororo mrefu unaovutika?

Jamaa wa mbali wa prolamini wamo hata kwenye karanga na simsim. Ni albumini ndogo zenye umbo linalofanana na lile la kale la ukoo huu, linaloshikwa na asidi amino iitwayo sisteini. Katika nafaka, katikati ya umbo hilo kuliingia kipande kifupi, kikajirudia, kikajirudia tena. Utaona kwa punje jinsi urudiaji huo unavyoongezeka.

Weka kifuniko cha soda mezani. Mbele yake panga haragwe, hindi, ndengu. Tena haragwe, hindi, ndengu. Mpaka mafungu sita. Malizia kwa kifuniko kingine. Vifuniko ni ncha za jeni zisizojirudia, na kila fungu ni rudio moja. Panga mstari wa pili chini yake, sawasawa na wa kwanza. Mistari hiyo ni nakala mbili za jeni moja, kutoka kwa baba na kwa mama, ambazo hulala ubavu kwa ubavu mmea unapotengeneza chavua na mayai, kisha zikabadilishana vipande.

Zikilala sawa, hakuna kinachobadilika. Lakini mafungu yote yanafanana, na ni rahisi zikose kulingana. Sogeza mstari wa chini kulia kwa fungu moja. Bado haragwe linatazamana na haragwe. Sasa pitisha kisu juu ya mistari yote miwili: baada ya fungu la nne la mstari wa juu, ambapo chini yake ni mwisho wa fungu la tatu la mstari wa pili. Unganisha kushoto kwa juu na kulia kwa chini, halafu kushoto kwa chini na kulia kwa juu. Hesabu. Mmoja una mafungu saba, mwingine matano. Vifuniko viko salama, hakuna punje iliyopotea, na bado una jeni mbili mpya zenye urefu tofauti.

Rudia ukitumia ule wa saba na nakala yake. Watoto wa darasa la sita huweza kufika mafungu kumi na mawili kwa dakika chache. Jeni nayo ikinakiliwa nzima kwa kosa la namna hii, mmea unabaki na jeni mbili pale palipokuwa na moja, na ile ya pili iko huru kubadilika. Hivyo ndivyo ukoo huu ulivyokua.

Hatua ya 7: Soma herufi

Hapa unahitaji simu yenye intaneti. Fungua hifadhi ya protini iitwayo UniProt, andika P10388 kwenye nafasi ya kutafutia. Hiyo ni glutenini kubwa ya ngano inayoitwa Dx5. Chukua mfuatano wake katika muundo wa FASTA, uunakili kwenye programu ya kuandikia, futa mstari wa kwanza wa maelezo, kisha ondoa mikato ya mistari yote ili herufi ziwe msururu mmoja. Usipoondoa mikato, utafutaji utaruka maneno yaliyokatwa katikati.

Kila herufi ni asidi amino moja, na zinapita 800. Tafuta PGQGQQ. Itajitokeza tena na tena, na mara nyingine ikiwa na kosa la herufi moja. Tafuta na GYYPTSPQQ. Hayo ndiyo mafungu yako ya maharagwe, mahindi na ndengu, yameandikwa kwa herufi. Q ni glutamini, P ni prolini. Utaziona kila mahali.

Sasa hesabu herufi C, sisteini. Ni 5 tu katika protini yote. Hizo ndizo ndoana ambazo protini moja hushikia nyingine ikaundwa minyororo. Nne ziko karibu na mwanzo na moja karibu na mwisho, na katikati hakuna hata moja. Ndiyo sababu mnyororo unavutika pale katikati. Itazame ile ya nne, kwenye maneno SVTCPQQ, mwanzoni kabisa mwa marudio. Glutenini nyingine inayochukua nafasi hiyohiyo katika ngano nyingi, Dx2, ina SVTSPQQ mahali hapo. S imekuwa C, ndoana moja ikaongezeka. Peter Payne na wenzake wa Cambridge, Uingereza, walipotunga alama za ubora wa ngano miaka ya 1980, jozi ya Dx5 na Dy10 ilipewa alama 4, na jozi ya Dx2 na Dy12 alama 2. Ndoana ile ya ziada ndiyo maelezo yanayotolewa mara nyingi. Ukitaka kuona Dy10, andika P10387. Ni fupi zaidi, na ina C 7.

D ile katika majina ni ya nani? Ngano ya mkate ni nyasi tatu ndani ya mmea mmoja. Seti ya jeni iitwayo A ilitoka kwa ngano mwitu Triticum urartu, ya B kwa jamaa wa Aegilops speltoides, na ya D kwa Aegilops tauschii, nyasi ya porini ya pande za Bahari ya Kaspi. D iliingia mwisho, baada ya watu kuanza kulima, chini ya miaka 10,000 iliyopita. Kila seti ilileta jeni mbili za glutenini kubwa, aina ya x na aina ya y, kwenye kromosomu ya 1; kromosomu ni nyuzi zinazobeba jeni. Jumla ni sita, lakini hutakuta ngano ya mkate ya kawaida inayozitumia zote sita: ile y ya seti ya A imenyamaza karibu kila mahali, na nyingine hunyamaza kutegemea aina ya mbegu. Zinazofanya kazi ni tatu hadi tano. Ngano ya makaroni ina A na B tu, haina D, kwa hiyo hata Dx5 haina.

Kunyamaza kwa jeni ni jambo rahisi mno katika ukoo huu. Q huandikwa katika DNA kama CAA au CAG. C ya kwanza ikigeuka T, unapata TAA au TAG, na hizo ni alama za kusimama. Jeni iliyojaa Q ni kama barabara yenye mamia ya mahali pa kukatika. Za gliadini aina ya alfa, zilizohamia kromosomu ya 6 na kuongezeka huko kwa wingi, nyingi zimekufa hivyo hivyo. Baadhi ya zilizo hai, hasa zile za seti ya D, zina kipande cha herufi 33 kinachowasumbua sana wenye ugonjwa wa siliaki, ambao gluteni huufanya mwili ushambulie utumbo wake. Mtu mwenye ugonjwa huo aepuke na shayiri na rai pia. Undugu ule wa hatua ya 4 haukuwa wa maneno tu.

Hatua ya 8: Toka dukani, nenda kwa mwenye shamba

Pakiti ya duka haitakuambia ngano ni ya aina gani. Kenya huagiza sehemu kubwa ya ngano yake, na viwanda huchanganya. Ndiyo maana hadi leo sikuweza kumpa mama wa chapati jina la mbegu iliyomwangusha. Inawezekana pia punje zilinyeshewa zikaanza kuota shambani, maana vimeng'enya vya punje iliyoota huharibu donge. Ukitaka jibu lisilo na mchanganyiko, nunua punje.

Na ukiwa Njoro, Molo, Mau Narok au Narok, uko mahali pazuri kuliko unavyodhani. Wazalishaji wa mbegu duniani waliwahi kuchukua mkono mfupi wa kromosomu ya 1 ya rai, wakauweka mahali pa mkono mfupi wa kromosomu ya 1 ya seti ya B ya ngano. Mkono ule ulibeba jeni Sr31, iliyozuia kutu ya shina, ugonjwa wa ukungu unaoshambulia ngano, nao ukaenea katika mbegu nyingi. Lakini palepale palipokatwa ndipo palipokuwa na jeni za gliadini na glutenini ndogo za seti ya B. Ziliondoka, zikaingia sekalini za rai, na donge likawa dhaifu na lenye kunata. Mkulima alipata kinga, mpishi akapoteza mvuto, kwa kisu kilekile.

Kisha mwaka 1998 ikaonekana Uganda kutu mpya iliyoishinda Sr31, ikapewa jina Ug99. Tangu mwaka 2005 kituo cha utafiti cha Njoro, ambacho sasa kiko chini ya KALRO, shirika la Kenya la utafiti wa kilimo na mifugo, kimekuwa kikipokea ngano kutoka nchi nyingi duniani ili zipambanishwe na kutu hiyo shambani. Unapopita barabarani ukaona vishamba vidogo vya ngano vya rangi mbalimbali, vingine vimeiva, vingine vimekauka kwa kutu, fahamu kwamba chakula cha mabara mengine kinapimwa hapo.

Kwa hiyo fanya hivi. Tafuta wakulima wawili wenye mbegu za aina tofauti, uwaulize jina la mbegu kwa heshima, na uandike kabla hujafika nyumbani. Uliza pia walitia mbolea kiasi gani na mvua ilikuwaje, kwa sababu mbolea na mvua hubadilisha sana wingi wa protini, na jeni huamua zaidi aina yake. Nunua kilo mbili kwa kila mmoja. Pepeta, okota mawe. Kwenye kisiagi omba mashine ipitishwe kwanza kilo nusu ya ngano yako, hiyo uwape kuku, maana ndani kumejaa unga wa mahindi wa mteja aliyetangulia. Saga zilizobaki, chekecha kwa chekeche laini uondoe pumba, kisha rudi hatua ya 1. Usiangalie uzito peke yake. Chukua kipande cha gramu 5, shika rula, uvute.